Kuboresha upimaji wa saratani ya mlango wa kizazi: anzia kwa mama aliyekutwa na tatizo

Fungua rejesta ya upimaji ya kituo chochote uisome kutoka kushoto kwenda kulia. Safu za mwanzo huwa zimejaa: jina, umri, tarehe, kipimo alichofanyiwa. Safu ya majibu nayo kwa kawaida iko sawa. Kisha macho yanafika kwenye safu ya tiba, na hapo nafasi zinaanza kubaki wazi, au zina mwandiko wa haraka haraka: "ameambiwa arudi", "rufaa", "simu haipatikani". Kila mstari wa namna hiyo ni mwanamke aliyepanga foleni, akakubali kuvua na kupimwa, akaambiwa ana tatizo, kisha akarudi nalo nyumbani.

Mwongozo huu ni kwa wanaoratibu upimaji: mratibu wa afya ya uzazi, muuguzi kiongozi, mtu wa takwimu, msimamizi wa mradi. Wengi wetu tukitakiwa kuboresha huduma tunakimbilia kuongeza idadi ya wanaopimwa. Mimi nashauri uanzie mwisho, kwa yule aliyekutwa na mabadiliko, umhakikishie tiba, ndipo urudi nyuma hatua moja moja hadi kwenye mlango anaoingilia.

Saratani hii ina sifa moja ya kushika kichwani muda wote: inatoa nafasi. Husababishwa na kirusi cha HPV, na aina mbili tu za kirusi hicho, ya 16 na ya 18, ndizo chanzo cha takriban asilimia 70 ya wagonjwa wote. Kwa mwanamke mwenye kinga imara, mabadiliko ya seli huchukua miaka 15 hadi 20 kufikia saratani. Kwa mwenye kinga dhaifu, kwa mfano anayeishi na VVU bila kutumia dawa, yanaweza kufika huko ndani ya miaka 5 hadi 10. Pamoja na muda wote huo, mwaka 2022 wanawake wapatao 350,000 walikufa duniani kwa ugonjwa huu, zaidi ya tisa kati ya kila kumi wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Wengi wao walikuwa na miaka mingi ambayo mtu angeweza kuwawahi.

Hatua ya 1: Hesabu wanakopotelea

Chukua miezi 12 iliyokwisha. Achana kwanza na ripoti za mwezi zilizokwisha kujumlishwa. Rudi kwenye rejesta zenyewe, kwa sababu jumla huficha watu. Hesabu kwa mfuatano: waliopimwa, waliokutwa na tatizo, waliopewa majibu yao mkononi, waliofika kwa ajili ya tiba, waliotibiwa. Halafu chukua waliotibiwa mwaka uliotangulia, uone ni wangapi walirudi kupimwa tena baada ya miezi 12.

Tuseme umepata hivi: waliopimwa 1,000, waliokutwa na tatizo 120, waliopewa majibu 95, waliofika kwa tiba 60, waliotibiwa 48. Ripoti itasema umepima 1,000, na kila mtu atafurahi. Ila kati ya wale 120 ambao kwa ajili yao huduma nzima ipo, 72 hawajatibiwa. Mwakani ukipima 2,000 kwa mtindo uleule, utakuwa umeacha 144. Hii ndiyo sababu sikubali kampeni ya uhamasishaji ianze kabla ya hesabu hii kufanyika.

Hesabu pia siku. Kati ya kipimo na majibu zimepita ngapi? Kati ya majibu na tiba? Panga siku hizo kuanzia ndogo hadi kubwa, uangalie iliyo katikati na ile ya mwisho kabisa.

Kisha fanya jambo ambalo takwimu haziwezi kukufanyia. Chagua wanawake kumi kati ya wasiotibiwa, uwapigie simu au uwatume wahudumu wa afya ngazi ya jamii wawatembelee, kwa faragha na bila lawama. Waulize kilichotokea. Utasikia kwamba mashine ilikuwa mbovu siku aliyokwenda. Kwamba tiba hutolewa Alhamisi tu, na hakuna aliyemwambia. Kwamba alipigwa kalenda mara tatu akakata tamaa. Kwamba nauli haikutosha. Kwamba hakuelewa kama majibu yale yalikuwa mabaya, maana hakuwa anaumwa popote. Andika sababu kwa maneno yao wenyewe. Orodha hiyo ndiyo mpango kazi wako wa mwaka, na mara nyingi nusu ya mambo yaliyomo hayahitaji hata bajeti mpya.

Hatua ya 2: Weka tiba tayari kabla ya kuita watu

Kumwambia mtu ana tatizo huku huna pa kumpeleka ni kumtwisha mzigo. Kabla ya kupanua upimaji, hakikisha njia tatu zipo na zinafanya kazi.

Ya kwanza ni tiba ya hapo hapo kituoni. Kwa sasa iliyo rahisi kusambaza ni tiba ya joto. Kifaa chake hushikwa mkononi, vingine hutumia betri. Ncha hupata joto la nyuzi 100 za Selsiasi au zaidi, na huwekwa juu ya mlango wa kizazi kwa sekunde 20 hadi 30, ikirudiwa pale ambapo haikufunika eneo lote. Muuguzi au mkunga aliyefunzwa anaweza kuifanya. Tiba ya baridi, yaani kugandisha kwa dakika 3, kuacha dakika 5 na kugandisha tena dakika 3, nayo hutibu vizuri, lakini inategemea mtungi wa gesi. Mtungi ni mzito, huisha, na ukiisha huduma husimama. Kama kituo chako kiko mbali na wanakojaza gesi, nashauri uhamie kwenye joto.

Si kila anayekutwa na tatizo anafaa kutibiwa kwa njia hizo. Anayefaa ni yule ambaye mpaka kati ya utando wa nje wa mlango wa kizazi na ule wa ndani unaonekana wote, eneo lililobadilika halijaingia ndani ya mfereji wala kuzidi robo tatu ya sehemu inayoonekana, ncha ya kifaa inaweza kulifunika, hana mimba, na hakuna dalili inayotia shaka ya saratani. Bandika masharti haya ukutani chumbani, kwa herufi kubwa, pale mtoa huduma anapoweza kuyasoma akiwa ameketi.

Njia ya pili ni ya wale wasiokidhi masharti hayo. Hao wanahitaji LEEP, ambapo waya mwembamba wenye umeme hukata sehemu iliyobadilika kwa ganzi, na kipande hupelekwa maabara. Huduma hii kwa kawaida iko hospitali kubwa.

Ya tatu ni ya anayeshukiwa kuwa tayari na saratani: nyama inayovuja damu ikiguswa, kidonda kilicholika, uvimbe. Huyu asichomwe kabisa. Achukuliwe kinyama kwa ajili ya vipimo na aanzishiwe safari ya matibabu ya saratani haraka, kwa sababu kuchoma juu juu kunaficha ugonjwa huku ukiendelea ndani.

Njia mbili za mwisho zinategemea rufaa, na rufaa ndiyo inayovuja kuliko yote. Tazama karatasi yenyewe inayotolewa. Mara nyingi imeandikwa jina la hospitali na neno "kwa uchunguzi zaidi", basi. Mama anafika asubuhi, anaulizwa ametumwa kwa nani, hajui. Anaelekezwa idara nyingine, anapigwa danadana hadi saa nane mchana, anaambiwa kliniki hiyo ni Jumanne. Iboreshe hivi: karatasi iwe na siku, saa, chumba, na jina la muuguzi atakayempokea, mtoaji rufaa ampigie simu muuguzi huyo mama akiwa bado ameketi pale, na muuguzi wa hospitali arudishe taarifa kama alifika au hakufika. Simu moja ya dakika tatu inaokoa wagonjwa wengi kuliko semina nzima ya rufaa. Kama kuna fungu lolote la kusaidia nauli, lipeleke hapa kabla ya kununua fulana za kampeni.

Hatua ya 3: Amua nani anapimwa, na baada ya muda gani

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, linashauri wanawake kwa jumla waanze kupimwa wakiwa na miaka 30, na kama kipimo ni cha HPV, warudie kila baada ya miaka 5 hadi 10. Wanaoishi na VVU waanze na miaka 25 na warudie kila baada ya miaka 3 hadi 5, kwa kuwa hatari yao ni kama mara sita ya wengine. Lengo la dunia lililowekwa mwaka 2020 ni kwamba ifikapo 2030 asilimia 70 ya wanawake wawe wamepimwa kwa kipimo bora wakifika miaka 35, na tena wakifika 45.

Zingatia kwamba lengo linamtaka kila mwanamke apimwe angalau mara mbili katika maisha yake. Halimtaki mwanamke yuleyule apimwe kila mwaka. Programu nyingi hujaza idadi kwa wasichana wa miaka 20 na kitu waliokuja kliniki kwa jambo jingine, au kwa watumishi na majirani wa kituo waliokwisha kupimwa. Kumpima msichana wa miaka 22 kwa HPV humletea hofu zaidi ya faida: maambukizi ni mengi katika umri huo, na mengi huondoka yenyewe ndani ya miaka miwili. Wakati huohuo mama wa miaka 44 ambaye hajawahi kupimwa hata mara moja anabaki nyumbani.

Kwa hiyo ongeza swali moja kwenye rejesta: "Je, hii ni mara yako ya kwanza kupimwa?" Kisha ripoti wenye umri lengwa waliopimwa kwa mara ya kwanza kama namba kuu. Na ujue una wanawake wangapi wa umri huo katika eneo lako lote, maana bila idadi hiyo huwezi kusema umefika wapi. Kama hakuna daftari la wakazi, anza na orodha ulizo nazo: kliniki ya watoto, kliniki ya VVU, orodha za wahudumu wa jamii kaya kwa kaya.

Uwezo wa orodha umeonekana. Uingereza ilikuwa ikipima kwa miaka mingi bila mpangilio, anayekuja apimwe. Mwaka 1988 ikaanza kuwaita wanawake kwa majina kutoka kwenye orodha na kuwakumbusha muda ukifika. Waliopimwa walikuwa karibu asilimia 42 mwaka huo; kufikia 1994 walikuwa asilimia 85. Ziara na kampeni za zimamoto huleta watu wengi kwa siku tatu, kisha kimya. Orodha hufanya kazi kila wiki.

Hatua ya 4: Chagua kipimo kulingana na unachoweza kukifuatilia

Vipimo vikubwa ni vitatu: HPV, kuangalia kwa siki ambako wengi wanakuita VIA, na Pap, ambapo seli za mlango wa kizazi huchukuliwa na kusomwa maabara. Pap imepunguza sana saratani hii katika nchi zenye maabara nyingi na wataalamu wa kusoma seli, lakini inahitaji kurudiwa mara kwa mara, na majibu huchelewa. Kama leo unaanza kutoka sifuri, sioni sababu ya kuanza nayo.

Kati ya HPV na VIA, tafiti mbili kubwa za India zinasaidia kufikiri. Katika eneo la Osmanabad wanawake zaidi ya 130,000 waligawanywa katika makundi. Kundi lililopimwa HPV mara moja tu lilipata, baada ya miaka minane, karibu nusu ya vifo vya kundi ambalo halikupimwa; kupimwa VIA mara moja hakukuleta upungufu ulio wazi. Mjini Mumbai, kwa upande mwingine, VIA ilipofanywa na wahudumu wa ngazi ya msingi kila baada ya miaka miwili, mizunguko minne, vifo vilipungua kwa asilimia 31. Mimi nasoma hivi: ukiwa na nafasi moja tu ya kumpata mwanamke, mpime HPV. Ukiwa na VIA peke yake, usiiache, lakini ujipange kurudi kwake tena na tena, na kuwanoa watoa huduma bila kuchoka. Shirika la Afya Duniani linashauri VIA irudiwe kila miaka 3.

VIA inaonekana rahisi, ndiyo maana huharibika. Siki huandaliwa kwa asilimia 3 hadi 5. Ikiwa nyepesi kuliko hapo, hakuna kitakachobadilika rangi na kila mtu atatoka "salama". Mtoa huduma anaipaka kwa pamba, kisha anasubiri dakika nzima kwa saa, si kwa kukadiria. Anachotafuta ni weupe mzito wenye kingo zinazoonekana wazi, uliogusa ule mpaka wa tando mbili. Weupe hafifu unaofifia upesi haumo. Mwanga ukiwa hafifu, yote haya ni kubahatisha, kwa hiyo taa nzuri ni sehemu ya kipimo kama ilivyo siki. Na kwa mama aliyekwisha koma hedhi, mpaka ule mara nyingi umejificha ndani. Kumwandikia "hana tatizo" kwa kitu ambacho hakikuonekana ni kosa kubwa. Huyo anahitaji kipimo kingine.

HPV nayo ina mtego wake: majibu hutoka mashineni, mashine iko mbali, na kila siku inayopita inampoteza mtu. Kabla ya kununua mashine mpya, uliza kama zile zinazopima VVU au kifua kikuu zinaweza kutumika pia kwa HPV, nyingi zinaweza. Weka ratiba ya sampuli kusafirishwa, na kikomo cha siku za majibu kurudi. Pia piga maoteo ya vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, kwa mwaka mzima, kwa sababu vinaisha muda wake vikilala stoo, na vikikosekana wiki mbili tu, sampuli hujaa kwenye jokofu.

Hatua ya 5: Mwachie mwanamke ajichukulie sampuli

Hili lingepewa nafasi zaidi ya ilivyo sasa. Wanawake wengi hawakatai kupimwa. Wanakataa kulala kitandani wamevua, kuwekewa spekulamu (kifaa cha kupanua uke ili mlango wa kizazi uonekane), pengine na mtoa huduma anayejuana na familia. Sampuli ya HPV ambayo mwanamke amejichukulia mwenyewe ukeni, ikipimwa kwa vipimo vinavyosoma vinasaba vya kirusi kwa njia ya kuvizidisha, hutoa majibu yanayokaribiana sana na ya sampuli iliyochukuliwa na mtaalamu. Australia, iliyohamia kipimo cha HPV kila miaka 5 mwishoni mwa 2017, iliruhusu tangu Julai 2022 kila mwanamke anayestahili achague njia hiyo.

Maelezo yatolewe kwa mdomo na kwa picha, mama akiwa ameshika kifaa mkononi. Yawe mafupi:

Nawa mikono. Simama mguu mmoja ukiwa juu ya kiti, au chuchumaa, au lala, vyovyote utakavyojisikia huru. Shika kijiti kwa chini, usiguse ncha yake laini. Kiingize ukeni taratibu hadi alama iliyoonyeshwa, au hadi uhisi kimegota. Kizungushe mara zilizoandikwa kwenye maelekezo yake. Kitoe, kitumbukize kwenye kichupa, funga vizuri. Hakipaswi kuuma. Ukiwa kwenye hedhi, subiri iishe.

Swali ambalo karibu wote huliuliza ni "je, nikikosea?" Waambie ukweli: si lazima wafike kwenye mlango wa kizazi wenyewe, kirusi kinapatikana ukeni, na sampuli ikiwa haitoshi wataombwa nyingine. Jibu hilo likitolewa kwa utulivu, wengi huingia chumba cha pembeni na kutoka baada ya dakika chache wakiwa wamemaliza.

Ila kumbuka hatua ya kwanza. Sampuli zikikusanywa majumbani bila mpango wa kupeleka majibu na tiba, utakuwa umeongeza waliopotea kwa kasi zaidi. Kila kichupa kiende na jina, umri, namba mbili za simu, na ruhusa ya jinsi mama anavyotaka kupewa majibu.

Hatua ya 6: Panga maneno ya kutolea majibu

Huduma nyingi hazina mpango wowote hapa. Kila mtoa huduma anasema anavyojua. Matokeo yake mama anasikia "una HPV" na akilini anaelewa mambo mawili: nina saratani, na mume wangu ananisaliti, au ataniona mimi ndiye msaliti. Yote mawili yanaweza kumfanya asirudi kamwe.

Wafundishe watoa huduma kwa kuigiza, mmoja akiwa muuguzi na mwingine mama, hadi maneno yatoke bila kigugumizi. Kwa mfano:

"Mama, majibu yako yametoka. Yanaonyesha una kirusi kinaitwa HPV. Si kwamba una saratani. Ni kirusi ambacho watu wengi hukipata wakati fulani maishani, na mara nyingi mwili hukiondoa. Kwako bado kipo, kwa hiyo leo tutaangalia mlango wa kizazi, na tukiona panahitaji tiba tutakutibu leo leo."

"Sasa nesi, hiki kirusi mimi nimekitoa wapi? Mume wangu…"

"Hakuna anayeweza kujua, mama. Kinaweza kukaa mwilini kimya kwa miaka mingi. Kipimo hiki hakisemi kilikuja lini wala kimetoka kwa nani."

Kisha muuguzi anyamaze. Asubiri swali linalofuata. Katika ukimya huo mdogo ndimo mara nyingi hutoka jambo lenyewe: kwamba hawezi kukaa wiki nne baada ya tiba bila tendo la ndoa na akajieleza nyumbani, kwamba anataka mumewe aje aelezwe pamoja naye, kwamba dada yake alikufa kwa ugonjwa huu.

Majibu yasitumwe waziwazi kwa ujumbe wa simu, kwa kuwa simu hushikwa na wengi. Andika tu kwamba majibu yako tayari na afike kituoni. Na wanaokutwa salama nao waambiwe, pamoja na mwaka wa kurudi; mtu akiachwa bila majibu hudhani mabaya, au hudhani kipimo hakina maana.

Ukweli pia una upande wake mgumu. Hakuna kipimo kinachokamata kila kitu, na mwanamke aambiwe hivyo mapema, pamoja na kwamba akiona damu baada ya tendo la ndoa au baada ya kukoma hedhi aje hata kama majibu yake yalikuwa safi. Mwaka 2018 nchini Ireland ilibainika kwamba kati ya wanawake zaidi ya 200 waliougua saratani hii, ambao sampuli zao za zamani zilipopitiwa upya zilisomeka tofauti na majibu ya kwanza, wengi hawakuwa wameambiwa. Imani iliyovunjika pale ilichukua nguvu kubwa kuijenga upya. Andika mapema utaratibu wa nani anamweleza mgonjwa kosa likigundulika, na ndani ya muda gani.

Hatua ya 7: Mpe mtu mmoja kazi ya kuwafuatilia

Kazi ya wote haina mwenyewe. Teua mtu mmoja kwa jina, mpe simu yenye salio na saa mbili kila wiki zisizoguswa. Kazi yake ni orodha moja tu: waliokutwa na tatizo na bado hawajatibiwa. Mama hutoka kwenye orodha hiyo kwa sababu tatu pekee: ametibiwa, amepokelewa hospitali na imethibitishwa, au amekataa baada ya kuelezwa vizuri. "Simu haipatikani" haimtoi. Inahamishia kazi kwa mhudumu wa jamii wa mtaa wake, kwa kadiri ya ruhusa aliyoitoa mama mwenyewe.

Baada ya tiba ya joto au baridi, mama aondoke na maelezo aliyoweza kuyarudia kwa maneno yake. Atatokwa na majimaji kwa wiki kadhaa, hilo ni la kawaida. Asijamiiane kwa takriban wiki nne; ikishindikana, kondomu. Arudi haraka akipata homa, maumivu makali ya tumbo, uchafu wenye harufu mbaya au damu nyingi. Na arudi kupimwa baada ya miezi 12. Anayeishi na VVU, kipimo hicho kikiwa safi, apimwe tena baada ya miezi mingine 12 ndipo arudi kwenye ratiba yake ya kawaida. Andika tarehe ya kurudi kwenye kadi yake na kwenye rejesta, siku hiyo hiyo.

Hatua ya 8: Linda ubora

Hapa sitakaa sana. Kila robo mwaka linganisha watoa huduma wanaofanya VIA kwa watu wanaofanana: aliyepima 200 bila kumkuta hata mmoja na anayekuta tatizo kwa kila mwanamke wa tatu wote wanahitaji kukaa na mwenye uzoefu na kuangalia wagonjwa pamoja. Picha za mlango wa kizazi, zikipigwa kwa ruhusa na bila jina, hurahisisha mazoezi hayo. Kagua utakasaji wa spekulamu mwenyewe kwa macho. Kagua kama mlango wa chumba unafungika.

Na pale wasichana wanapochanjwa, unganisha shughuli hizo mbili: mama anayemleta binti wa miaka 9 hadi 14 kupata chanjo ya HPV ni mara nyingi yuko kwenye umri wa kupimwa yeye mwenyewe, na ameketi hapo mbele yako tayari.

Wiki ya kwanza

Usisubiri kibali cha mpango wa miaka mitano. Jumatatu, chukua rejesta na ufanye hesabu ya hatua ya kwanza. Jumanne, andika kwenye karatasi moja majina ya wote waliokutwa na tatizo na hawana alama kwenye safu ya tiba, wa zamani zaidi akiwa juu. Jumatano, hakikisha kifaa cha tiba kinawaka na aliyefunzwa yupo, na piga simu hospitali ya rufaa uulize jina la anayepokea wagonjwa hawa. Alhamisi, anza kuwapigia wanawake hao, kuanzia wa juu.